Kasha la mninga

Jana Mama Nasra kaunguza sukari ya kashata za korosho, moshi ukajaa mpaka sebuleni, wenzangu wanakimbilia madirisha mi nimesimama palepale navuta pua, maana harufu ileile niliinusa kwenye karakana ya mjomba Mikindani, siku tunaunganisha kasha la kompyuta.

La zamani lilikuwa la bati, kutu ililimaliza kule Shangani, upepo wa bahari na chuma haviivi chungu kimoja. Nikasema naunda langu, mbavu za mninga, kona na kitako plastiki ya kuprintiwa. Jamaa yangu wa Dar ana printa ya 3D, ile inayoyeyusha plastiki na kujenga kitu tabaka kwa tabaka, sahani yake ya kujengea sentimita 22 kila upande na mazabodi yangu, bodi kuu ya kompyuta, ina 24.4, basi kitako kikatoka vipande viwili, vikaja na basi.

Sasa nati. Plastiki ile ya PLA ukiikaza skrubu moja kwa moja, ukifungua na kufunga mara kadhaa inachubuka, kwa hiyo unazamisha vinati vya shaba kwa moto. Unakiweka kinati juu ya tundu, unakigusa na ncha ya soldaringi, unasubiri. Husukumi! Kinazama chenyewe taratibu, plastiki inanukia sukari (si inatokana na wanga wa mahindi, au miwa), na mkono ukitetereka kinaingia upande, ndo basi tena. Mjomba, mtu wa randa na patasi, kaacha kazi yake kaniinamia begani, hata kupumua simsikii. Kinati kikazama mpaka kikawa sawa na uso wa plastiki. Akakipitishia ukucha.

"Mjomba, kitu kinayeyuka hivi, afu unakifungia moto ndani?"

Nikamwambia hii inaanza kulegea kama nyuzi 60 hivi, na feni ya juu itavuta joto lote nje. Akarudi kwenye randa yake. "Ungeniachia nikakufanyia lote la mninga."

Kuwaka ikawaka, swichi haijafika tukagusanisha pini zake mbili kwenye mazabodi kwa bisibisi, feni ikazunguka, tukala wali.

Kasha lipo mpaka leo, kutu hailijui. Ila ile kona ya nyuma, jirani na pawasaplai, kile kiboksi cha umeme, naiona kama inainama, au macho yangu tu, na Desemba joto la Mtwara likichachamaa halafu nina video ya harusi inarenda, kompyuta inaikamilisha usiku kucha, naamka kwenda kuipapasa. Mjomba sijamwambia.