Mvua ya Bahla

Nilikwenda Omani kufuata jua. Mpiga picha wa Mombasa ana ugomvi usiokwisha na mawingu. Unaamka alfajiri uipate Fort Jesus ukiwa mashuani, jua linachomoza na kuupiga ukuta wa upande wa bahari, matumbawe yanaanza kuwaka, mara wingu moja tu linakuja na kuzima kila kitu. Unasubiri, mwenye mashua anahesabu muda wake, na wingu likiondoka jua limeshapanda na ukuta umeshapauka. Nilitaka walau safari moja nizipige ngome za kale chini ya anga lisilo na hila.

Ngome zenyewe nilikuwa nimezichagua zamani. Ni zile za Maimamu wa Yaarubi, ukoo uliowatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na uliokuja kwetu mwaka 1696 ukaizingira Fort Jesus, ngome ya Wareno, mpaka ikaanguka Desemba 1698. Tangu utotoni nimesimuliwa habari za walioshinda na walioshindwa, lakini sijapata kumsikia mtu akieleza washindi walitoka kwenye kuta za namna gani. Hilo ndilo nililotaka kuliona kwa macho yangu.

Maskati naipita haraka. Nilizipiga picha Jalali na Mirani, ngome mbili zilizokalia majabali kwenye mlango wa bandari, ambazo Wareno walizijenga upya miaka ya 1580. Zote mbili nilizitazama kutoka chini tu. Jalali ilikuwa gereza mpaka miaka ya 1970, na hapo nikaikumbuka ya kwetu, ambayo Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895 na ikabaki hivyo mpaka 1958. Zaidi ya hapo nakumbuka bei. Riali moja ni zaidi ya shilingi mia tatu za Kenya, na kila unapofungua mdomo riali inatoka. Gari dogo la kukodi, tena lililokwaruzika mlango, lilinigharimu kwa siku pesa ambazo nyumbani zingeilisha familia kwa wiki. Bila gari huendi popote, maana ngome ziko bara, na basi halitakusubiri mpaka jua lifike pembe unayoitaka.

Nizwa iko kiasi cha kilomita 160 kutoka Maskati. Mnara wake mkuu uliojengwa na Imam Sultan bin Saif katikati ya karne ya 17 ni mviringo, mnene, umejazwa mawe na udongo ndani mpaka juu kiasi ili mizinga iupige usitikisike. Wenyeji husema ujenzi ulichukua miaka 12. Ngazi za kupandia zimepindapinda, na kwenye kila kona kuna mlango mzito na tundu juu yake, tundu la kumwagia asali ya tende iliyochemka juu ya kichwa cha adui. Nilisimama chini ya tundu mojawapo nikatazama juu, na mwili ukanisisimka.

Lakini kuupiga picha mnara wa mviringo ni kazi. Jengo la pembe nne lina ubavu wa mwanga na ubavu wa kivuli, na umbo lake linaonekana lenyewe. Mviringo hauna pale mwanga unapokatika. Unafifia polepole kuuzunguka ukuta. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mnara, mlima na vumbi vyote vina rangi moja, na ukitazama kwenye kioo cha kamera huoni ngome, unaona weupe. Lile anga lisilo na hila nililolitamani lilikuwa limefika, nalo halikunipa kitu. Siku tatu nzima jua lilichomoza jeupe likazama jeupe. Nilipata dakika chache za asubuhi na dakika chache kabla ya Magharibi, muda uliobaki nikakaa kivulini nikinywa maji ya kununua.

Bahla ni kilomita 40 mbele ya Nizwa. Hiyo ndiyo ngome niliyokuwa nikiiota, ingawa yenyewe ni ya kale kuliko Yaarubi, iliyojengwa na ukoo wa Nabhani. Imejengwa kwa matofali ya udongo juu ya misingi ya mawe, ikapanda juu ya kilima, na chini yake kuna shamba kubwa la mitende lililozungushiwa ukuta wa udongo wa kilomita kama 12. UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata tu wakaiweka kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Ilitoka kwenye orodha hiyo mwaka 2004, na wageni wakafunguliwa milango mwaka 2012. Hatari yenyewe ilikuwa mvua. Kila msimu ukipita kuta zilikuwa zikimeguka.

Asubuhi niliyofika hapakuwa na hata wingu. Baada ya adhuhuri upepo ukageuka, na upande wa kaskazini, juu ya Jebel Akhdar, kukainuka giza la buluu ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana yake. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya mbalimbali, yakanyanyua vumbi na harufu ya udongo mkavu unaopata maji. Kisha ikashuka mvua yenyewe. Nikaingiza kamera ndani ya koti, nikakimbilia kwenye gari, nikafika kwenye barabara ya chini inayokata wadi, yaani mto mkavu, nikakuta magari yamesimama pande zote mbili. Mahali ambapo asubuhi nilipita juu ya changarawe kavu palikuwa na mto wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda kwa ngurumo, umebeba makuti na vigogo, na zile nguzo za rangi nyekundu na nyeupe za kupimia kina zimezama nusu.

Chumba changu kilikuwa Nizwa, kimeshalipwa, na pesa hairudi. Nikampigia simu mke wangu kumwambia nimekwama. Ilinishangaza kwamba watu waliokuwa wamesimama hapo hawakuwa na uso wa kukwama. Walikuwa wametoka majumbani kwa makusudi, wanaume kwa watoto, wanalitazama lile wadi kwa furaha kabisa, wengine wanapiga picha kwa simu, wengine wanaomba dua kwa sauti. Nami niko kwenye simu namweleza mke wangu kwamba hakuna njia, nikasikia nyuma yangu:

"Wee kijana, mtu wa wapi wewe?"

Kiswahili, tena cha Unguja, laini, cha mtu aliyekulia Mji Mkongwe. Nikageuka, mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya Kiomani, ameshika mwavuli mweusi.

"Shikamoo mzee. Natoka Mombasa."

"Marahaba, mwanangu. Mombasa! Na sura hiyo ya msiba ya nini? Mvua hii tumeiombea. Juzi Ijumaa tumeswali sala ya kuomba mvua, leo unataka kuikimbia?"

Nikamweleza habari za ngome, za jua, za chumba cha Nizwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kamera imelowa. Nilipomwambia haijalowa akasema, "Basi twende. Huko uliposimama asubuhi sipo."

Alinipeleka kwa gari lake upande wa kusini wa mji, kwenye kilima kidogo ambako ngome inaonekana nzima na milima ikiwa nyuma yake. Mvua ilikuwa imepungua lakini haijakatika. Nikatega stendi, naye akasimama ubavuni ameushika mwavuli juu ya kamera, bega lake mwenyewe linalowa. Nikamsihi aniachie niushike mimi. Akakataa: "Mikono yako ina kazi."

Mwanzoni hapakuwa na picha. Chini ya wingu zito mwanga unatoka kila upande, hakuna kivuli, na ngome ya udongo bila kivuli ni bonge tu. Ila rangi ilikuwa imeshabadilika. Udongo mkavu una vinyweleo vilivyojaa hewa, vinautawanya mwanga na kuurudisha, ndiyo maana mchana ulionekana mweupe. Vinyweleo vikijaa maji, mwanga unazama ndani na unaorudi ni kidogo. Ngome ile niliyoiona asubuhi imepauka sasa ilikuwa ya kahawia iliyokoza, na mistari ya maji yaliyoteremka ukutani ilionekana mmoja mmoja.

Tulikaa hapo muda mrefu. Mzee akanieleza kwamba aliondoka Unguja akiwa kijana, akafika Omani baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani warudi kwao. Wakati huo ngome ya Bahla ilikuwa gofu, na baada ya kila mvua watu walikuwa wakienda kutazama upande gani umeporomoka. "Jengo la udongo ni kama mtoto mchanga," alisema. "Ukilala, linalia. Kila mwaka lipakwe, lizibwe, mfereji wa darini uzibuliwe. Siku mtu akichoka, mvua inalichukua." Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anaitazama ile mistari ya maji kwa jicho jingine kabisa. Mimi nilikuwa nahesabu rangi. Yeye alikuwa anakagua kuta, na mara mbili alininyooshea kidole sehemu ambayo, kwa maoni yake, mafundi wataitembelea kesho.

Dakika kumi hivi kabla ya jua kuzama, wingu likapasuka chini upande wa magharibi. Mwanga ukapenya kwa ubavu, wa chini kabisa, ukaishika ngome nzima iliyolowa huku milima nyuma yake ikiwa bado ni giza la mvua. Kila buruji likatoka peke yake. Nikapunguza mwanga kwenye kamera ili anga lisiungue, mikono inatetemeka, nikapiga, nikabadili lenzi, nikapiga tena. Mzee aliufunga mwavuli akasema "Allahu Akbar" taratibu. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijawahi kupata mwanga wa namna ile, na bila mvua niliyotaka kuikimbia usingekuwepo.

Usiku nililala kwake. Mkewe, ambaye naye ni mzaliwa wa Unguja, alituandalia maandazi na mbaazi za nazi, nazi ya kopo kwa sababu hapo haipatikani ya kukuna, na akaniomba radhi kwa kopo hilo mara nyingi mpaka mimi ndiye nikaona haya. Baadaye ikaja kahawa na tende. Wajukuu wao wanajibu kwa Kiarabu, lakini wanaelewa kila neno.

Ngome ya Jabrin niliiona kesho yake. Dari zake zimechorwa kwa rangi, na mfereji wa falaj unapita ndani ya jumba. Aliyeijenga, Imam Bilarab bin Sultan, amezikwa humo humo. Alizingirwa na ndugu yake mwenyewe, Saif bin Sultan, akafia ndani mwaka 1692. Na Saif huyo ndiye aliyepeleka majeshi Mombasa miaka minne baadaye.

Ngome ya Rustaq, alikozikwa Saif mwaka 1711, niliipiga kwa nje tu, kukiwa na mawingu mepesi, na sikuwa na haraka tena. Nilikuwa nawaza kwetu. Fort Jesus ni ya matumbawe, inavumilia mvua, adui yake ni bahari inayoula mwamba chini ya miguu yake, ndiyo maana ukajengwa ukuta wa kuzuia mawimbi. Miaka yote nimeipiga picha asubuhi za kiangazi, rangi ya manjano na anga la buluu, picha zinazouzika kwa watalii. Masika yakiingia naiweka kamera kabatini. Sina hata picha moja ya zile kuta zikiwa zimelowa, maji yakiteremka kwenye maburuji yaliyozingirwa karibu miaka mitatu.

Gari nililirudisha Maskati, wakanitoza riali za ziada kwa tope la kwenye matairi. Nimelipa, lakini sijakubali.

Mzee wa Bahla hakutaka malipo ya aina yoyote. Aliomba picha mbili. Ya kwanza ni ile ya ngome yake jioni ile, nimeshamtumia, imechapishwa kubwa. Ya pili ni Ngome Kongwe ya Unguja, waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno, penye magofu ya kanisa lao. "Lakini mvua iwe inanyesha," alisisitiza. "Za jua ninazo tele, kila anayekwenda ananiletea." Ngome hiyo inatazama magharibi, baharini, kwa hiyo wingu la masika likipasuka jioni mwanga utaipiga usoni. Nimeshaulizia basi la Tanga na Dar, na nauli ya boti, ambayo imepanda tena. Machi ikimalizika nitakuwa Forodhani kila siku baada ya alasiri, nimeipa bahari mgongo, na safari hii mwavuli nitakuwa nao mwenyewe.