Tochi tatu, watu watano

Shemeji alisema tochi tatu zinatosha. Tulikuwa watano, tumepanda boda toka Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, mpaka lango la Ntebeko, kilomita 14 hivi za mawe ya kurukaruka, kisha tukaingia hifadhi ya Mgahinga kwa miguu kuelekea pango la Garama.

Asiye na tochi humo pangoni hana pa kukaa. Akitangulia, mwanga unamjia mgongoni na kivuli chake mwenyewe kinaangukia pale pale anapotaka kukanyaga. Akifuata nyuma, mwenye tochi anamziba. Shemeji alijaribu mbele, akajaribu nyuma, na kabla hatujafika mbali goti lilishachubuka. Jiwe la volkano halichubui kama jiwe la mtoni: limejaa vitundu vya hewa vyenye kingo, ni kikwaruzo kabisa. Hata glavu za kazi, zile za bei ndogo, zingemwokoa viganja.

“Wewe, shika begi la aliye mbele yako,” afande, askari wa hifadhi tuliyekuwa naye, akamwambia. Kisha akanigeukia mimi: “Hiyo tochi itoe kichwani, ishike kiunoni.”

Nilidhani ananitania. Lakini taa ikiwa kwenye paji la uso, vivuli vinajificha nyuma ya mawe, sakafu inaonekana bapa, na mvuke wa pumzi unang’aa mbele ya macho kama pazia. Nilipoishusha, kila shimo likajichora.

Garama ni bomba la lava, lenye urefu wa mita 342. Shemeji, ambaye volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 alikuwa Goma, Kongo, ndiye aliyetueleza, goti likivuja damu. Ni uji tu, alisema: juu unafanya utando, chini bado unachoma. Lava ya juu ikipoa inakuwa ganda, ya ndani inaendelea kukimbia, na ikikatika kule mlimani bomba linabaki tupu. Mwamba nao ukipoa husinyaa, unapasuka, na kwenye nyufa hizo maji ya mvua yanapita. Ndiyo maana darini kulikuwa kunadondoka, tone baada ya tone, mengine ndani ya kola.

Mzee wa Kitwa, yaani wa jamii ya Batwa, aliyetuongoza hakuwa na tochi. Watu wake walijificha humu enzi za vita na majirani, na walikuwa wenyeji wa msitu huu mpaka walipotolewa, ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Alitembea kiganja kikiwa kinagusa ukuta, hakuinua hata kichwa.

Katikati akatuambia tuzime. Giza lile ukifumba macho au ukifumbua ni mamoja. Alipotuambia tuwashe, yangu ikagoma: swichi ilikuwa imeingia maji. Zikabaki mbili.

“Lete mkono,” mzee akamwambia shemeji, akauchukua na kuuweka ukutani.