Siku moja na majani ya muhogo, Namulonge

Saa 12:30 asubuhi. Takisi haiondoki mpaka ijae. Rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, inanisaidia kusubiri.

Saa 2:00. Shambani kwenye kituo cha utafiti cha Namulonge, kabla jua halijakolea. Nachuma majani na kuyatumbukiza kwenye naitrojeni ya kimiminika. Tunafuatilia michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi wa muhogo uliozuka upya Uganda mwaka 2004 na unaosambazwa na inzi weupe. Ubaya wake ni unafiki: shina limesimama vizuri, ukichimba unakuta mizizi imeoza.

Saa 4:00. Kusaga majani, kutoa RNA, molekuli inayobeba maagizo ya jeni. Glavu mbili, kwani ngozi yetu ina vimeng'enya vinavyoila RNA. "Dada, hiyo simu!" ananikemea mwenzangu wa Arua kila nikiinyooshea mkono.

Saa 6:00. Mashine inazunguka, nina nafasi ya kueleza. Virusi hivi vina jeni za RNA, na vikizaliana huacha RNA ya nyuzi mbili. Mmea hauivumilii. Kimeng'enya cha Daisa huikatakata vipande vya nyukleotidi ("herufi" za RNA) 21 hadi 24, kisha protini ya Agonauti hubeba kipande kimoja ikitafuta RNA inayolingana nacho, kama mgambo wa soko la Busia anayelinganisha stakabadhi. Ikiipata, inaikata. Jeni imenyamazishwa.

Si mbinu iliyobuniwa na wanasayansi hii, ni ya mmea wenyewe. Mwaka 1990 watafiti waliiongezea petunia jeni ya rangi ya zambarau, baadhi ya maua yakatoka meupe! Mmea ulikuwa umeinyamazisha jeni. Vipande vyenyewe vya RNA vilionekana mwaka 1999, Hamilton na Baulcombe walipovipata Uingereza.

Lakini virusi navyo vina protini, P1, ya kuvuruga ulinzi huo. Ndiyo maana muhogo uliobadilishwa jeni umepewa kipande cha jeni ya ganda la kirusi, uwe na vipande vidogo tayari kabla inzi hajatua.

Saa 8:00. Mzee mmoja mkulima amekuja kutembelea.

"Mwanangu, mmeutia dawa ndani?"

"Hapana mzee. Tumeuonyesha adui mapema."

"Na mizizi?"

Hapo ndipo penyewe. Majani yanaweza kukudanganya. Jibu lipo chini, baada ya mwaka mzima.

Saa 10:00. Utando wa kuonyesha vipande vya RNA, tulioanza kuuandaa juzi, uko tayari. Mimea iliyobadilishwa ina mstari mweusi kwenye nyukleotidi 21 hadi 24, mingine haina kitu. Najizuia kushangilia: mstari ni mstari tu, mzee ameuliza mizizi.

Saa 11:00. Umeme umekatika, jenereta imewaka. Naandika namba za sampuli kwa penseli, maana wino hufutwa na alkoholi, na kufunga friza ya nyuzi hasi 80.