Sabu aliyeganda benchi
Msimu wa 2023, pale uwanja wa MCG, Melbourne, nilibishana na mshikaji wangu mpaka chipsi zikapoa. Kwenye mpira wa Australia, ule wa yai, timu wakati huo ilikuwa na watu 18 uwanjani, wanne wa kuingia na kutoka, na sabu mmoja. Mwaka ule kocha aliruhusiwa kumwingiza sabu kwa sababu yoyote, si majeruhi tu. Mimi nilitaka yule dogo mwenye mbio aingie robo ya tatu, miguu ya wenzake ikishakuwa mizito. Mshikaji akakataa: "Tulia kaka, mtu akiumia utamtoa wapi mwingine?" Kocha naye, kama vile walipigiana simu, akangoja hadi mwishoni kabisa. Dogo akagusa mpira mara mbili, king'ora cha kumaliza mechi kikalia.