Tofauti ya 5,400

Gunia lilitua mezani kwangu zikiwa zimebaki siku mbili kufika mwisho wa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka. Ndani yake mlikuwa na mwaka mzima wa biashara ya mtu: ankara, taarifa za benki zilizokunjwa mara nne, na lundo la risiti za mashine ambazo maandishi yake yalikwishatoroka. Wahasibu wenzangu wananielewa. Risiti zile huchapwa kwa joto, si kwa wino. Zisahau juani mbele ya usukani kwa wiki kadhaa, utabaki na karatasi nyeupe. Na mteja wangu alikuwa msafirishaji. Ofisi yake ilikuwa ni hapo mbele ya usukani.

Nilikuwa nimemkumbusha mara tano. Mara zote tano jibu lilikuwa "kesho, binti."

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, na mteja huyu hakuwa peke yake. Tarehe ya mwisho ni moja kwa wote, kwa hiyo faili kumi na moja zilikuwa zimejipanga pembeni zikinitazama. Ritani ikichelewa kuna adhabu, kodi ikichelewa kuna riba juu yake, na mteja akipigwa adhabu hakumbuki gunia. Anamkumbuka mhasibu.

Usiku wa kwanza niliumaliza kwa kupanga karatasi tu. Siku ya pili, saa kumi na mbili jioni, vitabu vyangu na taarifa ya benki vilikataa kukubaliana. Tofauti: 5,400.

Kwa biashara ya ukubwa ule, 5,400 ni vumbi. Ndiyo maana ilinitesa. Nilipitia hundi zisizolipwa, makato ya benki, malipo yaliyoingizwa mara mbili. Hakuna kitu. Saa mbili usiku macho yalianza kuona 5,400 hata pale ilipokuwa haipo. Nikafungua akaunti ya muda, ile ya kuhifadhia vitu visivyojulikana, nikaandika kiasi kile. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nani angeona?

Aliona mzee wa ofisi, aliyekuwa akipita na kikombe chake.

"Binti, umegawa kwa tisa?"

Nikamtazama kama mtu aliyeniuliza habari za mwezini.

"Gawa, uone."

Mia sita kamili, bila baki. Akavuta kiti. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, akasema, tofauti lazima igawanyike kwa tisa. Na hapa una tisa mara sita, halafu sifuri mbili; basi waliobadilishana ni maelfu na mamia, na wanapishana kwa sita. Usitafute kila mahali. Tafuta hao.

Dakika kumi. Benki ilisema 38,260. Mimi niliandika 32,860. Niliona aibu, nikacheka, na nadhani machozi pia yalinitoka kidogo, ingawa mzee alijifanya anasoma kitu ukutani.

Ningependa kusema shida iliishia hapo. Mfumo wa kuwasilisha ulikuwa umezidiwa, maana kila mhasibu alikuwa mlangoni saa ileile. Ukurasa ulizunguka, ukaganda, ukanitoa nje. Nilipofanikiwa kuingia, ulidai namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ya mteja. Mteja alikuwa amelala. Nilipiga mara ishirini na kitu. Alipopokea, sauti ilikuwa ya mtu aliyeamshwa kwa jambo dogo. "Kwani binti, haiwezi kungoja asubuhi?" Akanisomea namba, ikawa imekwisha muda. Akanisomea ya pili, akaruka tarakimu moja. Ya tatu ikakubali.

Saa tano na dakika hamsini na moja usiku, ujumbe wa kupokelewa ukatokea. Niliuchapa nakala mbili, sijui kwa nini mbili, nikazima taa za ofisi nikiwa nimesahau kuwa mzee bado yuko ndani.

Asubuhi saa mbili simu iliita. Mteja. Nilidhani anataka kushukuru.

"Binti, nimekuta mfuko mwingine nyuma ya kiti."

Ritani inaweza kurekebishwa, hilo nililijua. Nilichohitaji kujua ni kama nitakaa kwanza au nitasikiliza nikiwa nimesimama.

"Ni risiti za manunuzi," nikamuuliza, "au za mauzo?"

Akanyamaza kidogo. Nilisikia karatasi zikipekuliwa.

"Naona ziko zote."

Nikakaa.