Mbavu za Idi kwenye ua wa Houston

Mwaka 2019 Idi Kubwa huku Marekani iliangukia Jumapili, tarehe 11 Agosti, na Houston ilikuwa kwenye lile joto lake ambalo saa kumi na mbili asubuhi tu shati limeshakuganda mgongoni. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa mgeni kutoka Dar. Huyu bwana kwa kuchoma nyama hana mpinzani, na alishajiandaa kutuonyesha. Nikamwambia mwaka huu hatuchomi. Tunabanika mbavu za ng'ombe kwa moshi, taratibu, wanavyofanya wenyeji wa jimbo hili la Texas. Akacheka. "Haya shemeji, tutaona."

Mbavu nilizifuata Ijumaa kwenye bucha moja la halali barabara ya Hillcroft. Muuzaji, Mpakistani mmoja mchangamfu, alishaubeba ubavu anaupeleka kwenye msumeno wa umeme, maana wateja wake wengi wanataka vipande vya mchuzi. Nikamkimbilia: "Bhai, usikate!" Nilitaka ubavu wa chini ya kifua, mifupa mitatu kwa pamoja, juu yake nyama nene kama vidole vitatu. Ukikatwa vipande vyembamba hauvumilii moto wa kutwa nzima. Unakauka kabla haujalainika.

Usiku wa kuamkia Idi tulipunguza mafuta ya juu na ule utando mweupe unaong'aa, tukapaka chumvi na pilipili manga iliyosagwa chengachenga, basi. Mke wangu alisimama mlangoni na bakuli la tangawizi na kitunguu saumu, akalirudisha jikoni bila kusema kitu. Shemeji ndiye aliyesema: "Hiki chakula cha mgonjwa."

Mwalimu wangu alikuwa jirani yetu, mzee wa Kimarekani Mweusi, mzaliwa wa Texas ya mashariki. Wanangu walimwita Babu, na mwenyewe akaitikia. Kazi ya moshi aliipata utotoni, kwenye sherehe za kila tarehe 19 Juni, siku ambayo mwaka 1865 watumwa wa Texas walisomewa tangazo la uhuru wao pale Galveston. Kwao siku hiyo haipiti bila nyama motoni tangu alfajiri. Sifa zake mtaani zilikuwa za mbavu za nguruwe, na kwamba nguruwe kwetu ni haramu alilijua vizuri kuliko tulivyomweleza. Alikuja na gogo la mwaloni alilolipasua vipande vya ukubwa wa ngumi, lakini koleo lake aliliacha kwake. Alisema limeshika nguruwe miaka yote, hataki lituharibie Idi.

Jiko letu lilikuwa Weber la kawaida, lile la duara lenye mfuniko, na Babu hakulidharau. Alipanga mkaa wa vitofali ukingoni, viwili chini na viwili juu, ukafuata nusu ya duara na kupita kidogo. Huo mpango wanauita nyoka. Juu yake akatandaza vipande vya mwaloni, vikavu. Kuloweka kuni, alisema, ni kutafuta mvuke tu. Katikati tukaweka sinia la maji. Unawasha ncha moja peke yake, na moto unatambaa wenyewe saa baada ya saa. Tundu la hewa la chini likabaki wazi kidogo sana.

Moshi wa kwanza ulitoka mweupe, mzito, wa kuchoma macho. Shemeji alishanyanyua ubavu. Babu akamzuia kwa mkono: moshi ule ukiingia kwenye nyama utakula masizi. Tukangoja mpaka ukawa mwembamba, wa bluu kwa mbali, jicho linaukosa lakini pua inaupata. Hapo ndipo nyama ilipoingia, upande wa mfupa chini, mbali na moto. Saa kumi na mbili na robo. Kipimajoto cha jiko kilitulia kwenye nyuzi 250 za Fahrenheit, kama 120 za Selsiasi, na sisi tukaenda kuoga na kuvaa kanzu. Swala ya Idi tuliiswali roho ikiwa tulivu, kwa sababu Babu alikuwa amekaa na kiti chake kando ya jiko na gazeti mkononi.

Tuliporudi ubavu ulishageuka rangi ya kahawa. Wageni wakaanza kuingia, Watanzania, Wakenya, familia mbili za Wakongo, na kila mwanamume aliyefika alitaka kufunua mfuniko. Sijui kwa nini mwanamume akiona jiko lazima ashike. Babu alihamishia kiti chake karibu zaidi.

Mambo yakaharibika saa tano. Kipimajoto cha nyama kilikuwa kikipanda vizuri tangu asubuhi, kikafika nyuzi 160, yaani 71 za Selsiasi, kikagota. Saa tano na nusu, 160. Saa sita, 161. Pilau ilishaiva, watoto walishaanza kuiba sambusa, na shemeji akanivuta pembeni.

"Shemeji, moto umekufa. Tuongeze mkaa, tufungue hewa, watu wale."

"Moto haujafa. Jiko bado lina 250."

"Sasa nyama imegoma nini?"

Nilimpelekea Babu swali lile lile kwa Kiingereza, ingawa jibu nililijua. Akasema nyama inatoka jasho. Shemeji akanitazama kama tumepanga kumchezea. Ndipo nikamkumbusha mtungi wa bibi yao kule Pangani, ule uliokaa kwenye kona ya ukumbi. Maji yake yalikuwa baridi hata mwezi wa pili kwa sababu mtungi ulivuja unyevu kidogo kidogo, unyevu ukakauka kwa hewa, na ukikauka unaondoka na joto. Ubavu nao ulikuwa unasukuma maji juu, maji yanakauka, na kila joto tunalotia linaishia kwenye kuyakausha. Maji ya juu yakipungua, nyuzi zitapanda tena. Ukipandisha moto kwa hasira, nje kunaungua kabla ule mshipa mgumu wa ndani haujayeyuka ukawa ute. Na ute huo ndio ulaini wenyewe.

Alinyamaza. "Mtungi," akasema, akaenda kuwaeleza wengine kana kwamba ni uvumbuzi wake. Nilimwachia.

Saa saba Babu alikwaruza ganda la juu kwa ukucha, halikubanduka. Hiyo ndiyo alama aliyokuwa akiingoja. Tukaufunga ubavu kwa karatasi nene ya bucha, jasho likakosa pa kwenda, na baada ya nusu saa nyuzi zikaanza kutembea. Foili ingeenda haraka zaidi, lakini inalainisha ganda, na binafsi ganda silitoi sadaka.

Saa tisa, nyuzi 203, kama 95 za Selsiasi. Babu hakuiamini namba peke yake: alichukua kijiti cha mishikaki akakichomeka kati ya mfupa na mfupa, kikazama bila kusukumwa. Halafu, kwa masikitiko ya nyumba nzima, nyama ikaenda kupumzika saa nzima ndani ya boksi la barafu lisilo na barafu, limezungushiwa mataulo. Ukiikata papo hapo, maji yote yanabaki kwenye ubao.

Tulipoukata, chini ya lile ganda jeusi kulikuwa na mstari wa waridi. Bi mkubwa mmoja akasukuma sahani. "Mwanangu, hii mbichi. Ona damu." Nikamweleza ni gesi za moshi zilizoshikana na rangi ya nyama, na kwamba nyama imekaa motoni kwa muda wa karibu saa tisa. Hakusadiki mpaka mfupa ulipochomoka mkononi mwake bila kuvutwa.

Sisemi imeishinda nyama choma. Nyama choma inataka meno na maongezi. Ndiyo starehe yake, na ikilainika hivi nitaidai hela yangu. Shemeji naye hakukubali kushindwa, alisema tu chumvi ilikuwa sawa, huku akichukua mfupa wa pili.

Babu, ambaye siku zote alihubiri kwamba kutia sosi kwenye ubavu wa ng'ombe ni matusi, alionja pilipili ya mbilimbi ya mke wangu kwa ncha ya kisu. Akaonja tena. Kisha akaimwagia nyama yake mbele ya watu wote. Jioni aliondoka na chupa nzima, na mke wangu akamfuata hadi getini kumkumbusha kwamba chupa inarudi.