Siku moja maishani mwangu: mwandishi wa programu Lubumbashi, mteja Paris

Saa kumi na moja alfajiri. Ninaamka mapema kwa sababu umeme wa mtaa wetu wa Kamalondo hupatikana usiku kuliko mchana, na ni lazima kompyuta na betri ya akiba zijae kabla haujakatika. Ni mwezi wa saba, kipindi cha baridi hapa Lubumbashi, kwa hiyo ninaandika msimbo wa programu nikiwa nimejifunika blanketi hadi mabegani.

Saa moja asubuhi ninapitia matangazo ya kazi. Sasa hivi Bangalore, India, ni saa nne na nusu, na Manila, Ufilipino, ni saa saba mchana; washindani wangu wa huko wameamka zamani. Tangazo lililotolewa Marekani jana jioni limekwisha kupata waombaji wengi hata kabla sijanywa chai.

Saa tatu ni mkutano. Majira haya saa ya Paris na ya Lubumbashi ni ileile, na hilo, pamoja na Kifaransa, ndilo lililonipatia kazi hii, wala si bei. Kampuni ya Paris imeikabidhi kazi kampuni ya Tunis, nayo ya Tunis imenikabidhi mimi. Ninalipwa dola 12 kwa saa. Siku moja nilitumiwa kwa makosa ankara inayoonyesha kwamba Paris hulipa euro 45 kwa saa hiyohiyo. Sikukasirika sana, kwani mwenye mkataba na mwenye kujulikana na mteja ni yule wa Tunis. Ila nilitamani wale wanaolalamika huko Ulaya kwamba sisi ndio tunaowaharibia bei waione karatasi ile.

Kazi ya leo ni senti moja. Programu hii hutoa risiti za maduka ya mikate, ambako kodi ya ongezeko la thamani kwa mkate ni asilimia 5.5. Mtu akinunua vitu vitatu vya euro 2.45 kila kimoja kabla ya kodi, kodi ikikokotolewa na kukadirishwa hadi senti kamili mstari kwa mstari ni senti 13 mara tatu, yaani 39; ikikokotolewa kwenye jumla ya euro 7.35, ni senti 40. Risiti hufuata njia ya kwanza na ripoti ya mwezi hufuata ya pili, kwa hiyo mhasibu wa Paris haoni hesabu zikilingana. Kurekebisha kulichukua mistari minne ya msimbo. Kuitafuta senti yenyewe kulichukua saa tatu.

Saa saba umeme unakatika. Ninakula bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga, kisha ninachangia petroli ya jenereta ya jirani. Gharama hiyo hakuna anayeiona anapolinganisha bei yangu na ya mtu wa Bangalore.

Saa tisa anafika kijana anayesoma chuo kikuu hapa mjini; huniita “yaya”, yaani mkubwa wake.

“Yaya, nijifunze lugha gani ya programu ili nisishindwe na Wahindi?”

“Mdogo wangu, anza na Kiingereza.”

Alicheka akidhani ninamtania. Nilimweleza kwamba kampuni za India zilijijengea jina miaka ya 1990, zilipopewa kazi ya kurekebisha tarehe za kompyuta kabla ya mwaka 2000, na kwamba jina hilo halikujengwa kwa bei peke yake, bali kwa Kiingereza pia. Sikumficha jambo linalonitia hofu zaidi: vikazi vidogo nilivyoanzia mimi, kama kupanga ukurasa au kusafisha orodha ya majina, wateja wangu wa zamani huviagiza kwa ChatGPT tangu ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022. Yeye ataanzia wapi, sikuweza kumwambia.

Saa kumi na moja jioni unaingia ujumbe kutoka Tunis: kikundi cha Antananarivo, Madagaska, kimeomba kazi hii kwa dola 9; je, nitapunguza? Ninahesabu petroli, intaneti na makato ya kupokea pesa kwa simu. Ninajibu kwamba bei ni ileile, ninaambatanisha maelezo ya ile senti moja pamoja na majaribio kumi na mawili yanayozuia kosa hilo lisirudi, kisha ninazima kompyuta kabla betri haijaisha.

Saa nne usiku umeme unarudi. Ninachomeka waya, na kabla ya kulala ninatazama simu: Tunis wameusoma ujumbe, lakini hawajajibu.